Sanduku la Maswali ya Fizikia na Anga: Mstari wa hidrojeni, sayari za mbali na miradi ya mwaka wa mwisho

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja. Wanafunzi wa fizikia na astronomia wameingia msimu wa miradi, na wengi wanataka kupima hidrojeni ya galaksi yetu kwa antena ya kujitengenezea. Tumeziweka hizo mbele, na zilizofanana tumeziunganisha kuwa moja.

SWALI: Ndugu Mhariri, niko mwaka wa tatu. Nataka kuunda antena ya pembe (yenye umbo la tarumbeta) ya kupokea mstari wa hidrojeni wa sm 21, lakini kila ninayemsoma ana vipimo vyake. Vipimo gani haviruhusu kubahatisha? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Mdomo wa pembe unasamehe, shingo haisamehe. Ukikosea sm 3 kwenye mdomo hutaona tofauti. Ukikosea sm 3 kwenye shingo unaweza kukosa kila kitu.

Shingo ni lile bomba au kopo la bati lenye sindano ya kupokelea mawimbi. Hidrojeni hutoa mawimbi ya 1420.406 MHz, yenye urefu wa sm 21.1 hewani. Kila bomba la mviringo lina kikomo: masafa yaliyo chini ya kikomo hicho hayapiti. Ili kukipata, gawa 17.57 kwa kipenyo cha ndani kwa sentimita, na jibu litakuwa katika GHz. Kopo la sm 12.4 linatoa karibu 1.417, yaani hidrojeni inapita kwa taabu kabisa. Kopo likizidi sm 16.2, umbo la pili la wimbi linaingia na kuvuruga mapokezi. Kwa hiyo tafuta kopo la kati ya sm 14 na 15.5, upime ndani kwa rula, usiamini macho.

Sasa ndipo wengi wanapoanguka. Ndani ya bomba wimbi hurefuka. Kwenye kopo la sm 15 zile sm 21.1 zinakuwa sm 37.3. Sindano inapaswa kukaa robo ya urefu huo kutoka kwenye kitako cha kopo, yaani sm 9.3. Wanaoiweka sm 5.3, robo ya urefu wa wimbi la hewani, hulalamika kwamba antena yao ni kiziwi. Kopo likiwa la sm 14 umbali huo unaruka hadi sm 11.3, kwa hiyo usinakili namba ya mtu mwingine bila kujua kopo lake lilikuwa na ukubwa gani. Shingo nzima iwe na sm 25 hadi 30. Makopo mawili yaliyounganishwa kwa lehemu yanatosha, mradi ukate kitako cha lile la mbele.

Sindano ni waya wa shaba wa nyumbani, ule wa mm² 2.5, uliolehemiwa kwenye konekta ya aina ya N. Anza na sm 5.3 kutoka ukuta wa ndani, halafu punguza milimita moja moja huku ukipima kwa NanoVNA (kifaa kidogo cha kupima antena) inayofika GHz 3. Unatafuta kiwango cha kurudishwa cha desibeli −10 au chini zaidi kwenye 1420 MHz, maana yake si zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu inayorudi. Mara nyingi utaishia karibu na sm 5. Waya ukishaukata mfupi mno hauongezeki, kwa hiyo kata kwa subira.

Mdomo uwe sm 75 kwa 60, na kutoka shingoni hadi mdomoni kuwe na sm 70 hivi. Kuta zinaweza kuwa plaiwudi ya mm 4 au boksi gumu lililofunikwa karatasi ya alumini ya jikoni. Wimbi la masafa haya halizami ndani ya alumini zaidi ya maikroni mbili na kitu, kwa hiyo karatasi hiyo inatosha na kubaki. Vipande vipandane sm 2. Lakini pale kuta zinapokutana na shingo lazima chuma kiguse chuma pande zote, na ufunike kwa utepe wa alumini. Sindano iwe sambamba na upande wa sm 60. Ukifanya hivyo unapata ongezeko la desibeli 18 hivi, na antena inayoona duara la angani lenye upana wa karibu nyuzi 20.

Amplifaya ikae palepale kwenye konekta, kabla ya kebo. Kebo inayopoteza desibeli 3 ikitangulia, inaongeza kelele ya kelvini 290 na kuifanya kelele ya amplifaya yenyewe ihesabiwe mara mbili. Amplifaya nzuri yenye kelele ya desibeli 0.8 huongeza kelvini 59 tu. Hapo utaona kwamba mita nne za kebo mahali pasipostahili zinakugharimu kuliko kuwa na pembe ndogo. Nunua kibao kidogo cha saketi chenye amplifaya na kichujio cha 1420 MHz pamoja. Umeme wake hupita ndani ya kebo kutoka kwenye kipokezi cha USB (redio ndogo inayochomekwa kwenye kompyuta), na lazima uuwashe kwenye programu. Tunapoambiwa "amplifaya imekufa", hilo ndilo la kwanza tunalouliza.

Pembe ya mbao si mzaha wa wasio na fedha. Harold Ewen na Edward Purcell wa Harvard walioupata mstari huu mara ya kwanza, tarehe 25 Machi 1951, walitumia pembe ya plaiwudi iliyofunikwa shaba na kutokeza nje ya dirisha la maabara. Mvua ikinyesha, maji yalitiririka kupitia pembe hadi ndani. Nawe funika mdomo kwa nailoni nyembamba, na konekta uizungushie utepe wa mpira.

SWALI: Nimepata mstari mrefu na mwembamba sana kwenye 1420.000 MHz kamili. Unaonekana usiku na mchana. Mwenzangu anasema ni hidrojeni inayosafiri. Ni kweli? (Eldoret)

JIBU: Hapana. Kinachosafiri hapo ni saa ya kielektroniki. Kifaa chenye saa ya 10 MHz hutoa vivuli kwenye kila kizidishio chake, na 10 mara 142 ni 1420 kamili. Saa ya 20 MHz hufika palepale kwa kuzidishwa mara 71. Kama ingekuwa hidrojeni, tofauti ya kHz 406 ingemaanisha wingu linaloondoka kwa kilomita 86 kwa sekunde, na mawingu kama hayo yapo. Ila wingu la kweli halifanani na sindano. Ndani ya upana wa nyuzi 20 mna gesi ya kasi nyingi tofauti, kwa hiyo mstari wa kweli huwa na upana wa makumi ya kHz hadi mamia, tena mara nyingi una vilima viwili au vitatu.

Ondoa antena uweke ukinzani wa ohmu 50 kwenye ingizo la amplifaya. Mwiba ukibaki, unatoka ndani ya vifaa vyako. Kisha tumia kompyuta kwa betri, chaja ikiwa imechomolewa ukutani kabisa. Sogeza kipokezi mbali na kompyuta kwa waya wa USB wa mita mbili wenye kizuizi cha feraiti. Zima taa za LED za chumba. Mkanda wa 1400 hadi 1427 MHz umelindwa na kanuni za kimataifa, hakuna anayeruhusiwa kurusha matangazo humo, lakini kanuni hizo hazijui chaja ya bei poa.

Jaribio lisilopingika ni la siku kadhaa: acha pembe ielekee juu bila kuisogeza. Mstari wa angani utafika kileleni dakika nne mapema kila siku, kwa sababu nyota hazifuati saa ya Jua. Mwiba wa chaja hufuata ratiba ya chaja.

Kama uko karibu na mnara wa simu, kuna ugonjwa mwingine: amplifaya inaelemewa na kuanza kutengeneza kelele yake. Ongeza kiwango cha kipokezi kwa desibeli 3. Sakafu ya kelele ikipanda 3, uko salama. Ikipanda 6 au ikiota miiba mipya, shusha.

SWALI: Msimamizi wangu amekataa grafu zangu kwa sababu ya kipimo cha wima. Nimeandika "nguvu", yeye anataka kelvini na kosa la kipimo. Programu inanipa desibeli tu. Nifanyeje? (Mwanza)

JIBU: Msimamizi wako yuko sahihi. Desibeli za programu ni za kipokezi chako, usiku ule, kwa joto lile. Mtu wa Nairobi hawezi kuzilinganisha na zake.

Unahitaji vitu viwili vyenye joto linalojulikana. Cha moto ni ardhi, kelvini 300 hivi. Cha baridi ni anga ya juu kabisa, mbali na Njia Nyeupe: kelvini 2.7 za mnururisho wa ulimwengu, kidogo kutoka angahewa, na kiasi kinachoingia kutoka ardhini kupitia pembeni mwa pembe. Jumla chukua 10. Pima nguvu ya kila kimoja kwa dakika moja, geuza desibeli kuwa namba za kawaida, gawa ya moto kwa ya baridi. Tuseme umepata 2.8, sawa na tofauti ya desibeli 4.5. Joto la kelele la kipokezi ni 300 kutoa 2.8 mara 10, yote kwa 1.8, yaani kelvini 151. Hiyo ni kazi nzuri kwa pembe ya mbao. Ukipata 400, rudi kwenye konekta na kebo.

Tahadhari moja ya huku kwetu: usielekeze pembe kwenye paa la mabati ukidhani unapima kitu cha moto. Bati hata liungue kwa jua la saa nane linaakisi anga kama kioo, nawe utasoma baridi. Ukuta wenye nondo nao una shida hiyohiyo kwa kiasi. Udongo wa kawaida, pembe ikiinamia chini kabisa, ndio bora kwa asiye na sponji maalumu la kunyonya mawimbi.

Kipimo cha moto kina faida ya pili. Grafu yako mbichi ina mabonde na milima ya kichujio, na hiyo ni mikubwa kuliko hidrojeni yenyewe. Usiifute kwa kugawa na "anga tupu", kwa sababu anga tupu ya hidrojeni haipo. Hata mbali na Njia Nyeupe kuna kelvini chache, na utajikuta umechimba shimo katikati ya mstari wako. Gawa kwa grafu ya ardhi, kwa kuwa ardhi haina mstari huo. Kinachobaki ni kilima cha hidrojeni. Kikiwa cha kelvini 40 juu ya joto la mfumo (kipokezi pamoja na anga) la 160, ni asilimia 25, sawa na desibeli moja.

Kosa sasa. La bahati nasibu ni joto la mfumo gawa kwa kipeuo cha pili cha upana wa chaneli mara muda. Kelvini 160, chaneli ya kHz 5, sekunde 60: kelvini 0.29. Inapendeza, lakini usiishie hapo. Kama joto la ardhi lina shaka ya kelvini 5 na la anga 5, zile 151 zina shaka ya kelvini 8. Andika makosa yote mawili, kila moja kwa jina lake, usiyachanganye.

Na usidhani kukaa usiku kucha kunaponya. Chukua wastani wa dakika 1, 4, 16 na 64. Kila hatua kosa linapaswa kupungua nusu. Pale linapogoma kupungua, ujue amplifaya imebadilika joto na kuhama. Kwa vifaa vya bei nafuu hilo hutokea mapema, kwa hiyo rudia kipimo cha ardhi kila dakika 15 au 20 na uikinge amplifaya na jua na upepo.

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari. Wanafunzi wameniuliza: kama atomu moja ya hidrojeni hungoja miaka milioni 11 kabla ya kutoa wimbi lile, tunapokeaje chochote? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Kwa wingi wao tu, mwalimu. Gesi ya kati ya nyota ina kama atomu moja kwa sentimita moja ya ujazo, ila njia ni ndefu. Kuangalia kupitia galaksi, kila sentimita moja ya mraba ya mtazamo ina atomu za namba 1 yenye sifuri 21 nyuma yake. Tena migongano ya atomu, inayotokea kila baada ya miaka mia kadhaa, hurudisha zilizoshuka baada ya kutoa wimbi kwenye hali ya juu ya nishati, kwa hiyo robo tatu ya atomu ziko tayari wakati wote. Chaki na ubao vinatosha kulifanya hesabu hilo darasani.

SWALI: Nimepata vilima viwili, 1420.41 na 1419.88 MHz, nikielekea longitudo ya galaksi ya nyuzi 30. Nataka kutoa kasi ya mzunguko wa galaksi. Kitabu kinasema nichukue kasi kubwa zaidi. Je, niamini? (Unguja)

JIBU: Amini, lakini kwanza safisha kasi. Kila kHz 4.74 ni kilomita moja kwa sekunde, na masafa yakishuka chini ya 1420.406 gesi inaondoka. Kilima chako cha pili kinaondoka kwa 110 hivi. Lakini Dunia yenyewe inalizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, na Jua nalo linakwenda karibu 20 likilinganishwa na nyota jirani. Usipoondoa hizo, kipimo cha Aprili na cha Oktoba vitagombana kwa makumi ya kilomita. Maktaba ya Astropy ya Python inakokotoa sehemu ya Dunia ukiipa mahali, wakati na mwelekeo. Sehemu ya Jua unaiongeza mwenyewe.

Angalia pia fuwele ya kipokezi. Ile ya bei rahisi hukosea hata sehemu 50 kwa milioni, ambayo hapa ni kHz 71, sawa na kilomita 15 kwa sekunde. Nunua chenye fuwele iliyodhibitiwa joto, ya sehemu 1 kwa milioni, na kiache kiwake nusu saa kabla ya kupima.

Baada ya hapo jiometri ni rahisi. Kwenye mstari wa mtazamo wa nyuzi 30 kutoka kitovu cha galaksi, gesi yenye kasi kubwa zaidi iko pale mstari unapoikaribia zaidi kitovu. Umbali wa hapo hadi kitovu ni ule wa Jua, kiloparseki 8.2 (kipimo cha umbali cha wanaastronomia), mara sine ya 30, yaani 4.1. Kasi ya mzunguko pale ni 110 jumlisha 230, kasi ya Jua kuzunguka galaksi, mara nusu, sawa na 225. Rudia kwa nyuzi 40, 50, 60. Utaona kasi haishuki kama inavyoshuka kwa sayari zilizo mbali na Jua, na mjadala wa maada isiyoonekana huanzia hapo.

Ila usome ukingo wa kilima, si kilele, na useme umeusoma vipi: kwa mfano pale mstari unapofikia mara tatu ya kelele. Pembe yako ya nyuzi 20 inachanganya longitudo 20 hadi 40 pamoja, na gesi ya longitudo ya chini ndiyo yenye kasi kubwa, kwa hiyo jibu lako litaelemea juu. Chini ya nyuzi 20 njia hii isikushawishi kabisa. Jambo jema ni kwamba kutoka Unguja kitovu cha galaksi, kwenye kundinyota la Mshale, hupita nyuzi 23 tu kusini mwa utosi. Watu wa Ulaya hukipapasa karibu na upeo, kwenye kelele za ardhi.

SWALI: Ni kweli setilaiti ya astronomia ilirushwa kutoka Malindi? (Kilifi)

JIBU: Kweli. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya NASA ya kupima eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ikweta ilichaguliwa kwa sababu ya kazi: mzingo wa ikweta unakwepa sehemu kubwa ya chembe za mnururisho zilizojazana juu ya Atlantiki ya Kusini, ambazo huzijaza kelele sensa za eksirei. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

SWALI: Idara yetu ina darubini ya kipenyo cha sm 20 na kamera. Tunataka kuona sayari ikipita mbele ya nyota ya mbali. Tuanze na ipi, na nini huharibika? (Kikundi cha wanafunzi, Arusha)

JIBU: Anzeni na WASP-43b, kwenye kundinyota la Sudusi. Nyota yake ina mng'ao wa daraja la 12.4, sayari huizunguka kwa saa 19 na dakika 31, na ikipita mbele (huo ndio mpito) huziba asilimia 2.5 ya mwanga kwa dakika 70 hivi. Sayari kama Mshtarii mbele ya nyota kama Jua huziba asilimia 1 tu, kwa hiyo hii ni zawadi. Msimu wake ni Januari hadi Mei, lakini masika yatakula Machi na Aprili. Pangeni Januari na Februari.

Mnahitaji kosa la asilimia 0.5 kwa kila picha, maana yake elektroni 40,000 kutoka kwa nyota. Kwa darubini yenu na kichujio chekundu, sekunde 60 zinatosha. Fifisheni fokasi kidogo ili mwanga utapakae kwenye pikseli nyingi, na pikseli angavu zaidi isizidi 35,000 kati ya 65,535. Ikikaribia juu kabisa, sensa huacha kuhesabu sawasawa, na mpito wenu unapungua kina bila onyo. Pigeni picha saa nzima kabla ya mpito na saa nzima baada, kwa sababu bila sakafu pande zote mbili huwezi kupima shimo. Linganisheni na nyota tatu au nne za rangi na mng'ao wa karibu ndani ya picha hiyohiyo. Nyota ya bluu haifai: ikishuka kuelekea upeo, angahewa huifuta haraka kuliko nyota yenu nyekundu, na mstari wote unainama.

Sasa yanayoharibika. Kwanza mhimili. Arusha iko nyuzi 3.4 kusini, ncha ya kaskazini imezama na ya kusini iko nyuzi 3.4 juu ya upeo, ndani ya ukungu na vilima. Maelekezo ya kulenga Nyota ya Kaskazini hayawasaidii. Rekebisheni kwa kutazama nyota inavyohama: moja karibu na utosi kwa mwelekeo wa mashariki na magharibi, nyingine chini mashariki kwa mwinuko. Msipofanya hivyo nyota itatembea pikseli 30 usiku mmoja, ikipita juu ya vivuli vya vumbi, na kila kivuli kitajifanya sayari. Picha za mwanga sawa, zile za anga ya jioni au shuka jeupe mdomoni mwa darubini, hupunguza hilo lakini haziliondoi. Dawa ni nyota kubaki pikseli zilezile.

Pili, nyota hii itapita nyuzi 6 tu kutoka utosini. Darubini yenye mhimili wa ikweta hulazimika kugeuka hapo, na bomba linaweza kugonga mguu wa stendi. Kugeuza katikati ya mpito huukata mfululizo vipande viwili visivyolingana. Chagueni mpito unaomalizika kabla nyota haijafika juu, au unaoanza baada.

Tatu, saa, na hapa tumeona kazi nzuri zikitupwa. Aliyeandika "saa nne usiku" daftarini alimaanisha 22:00 ya Afrika Mashariki, ambayo ni 19:00 ya UTC, saa ya kimataifa. Kompyuta moja ikiwa na saa ya hapa na nyingine ya UTC, mpito unahama saa tatu na hakuna anayejua kwa nini. Wekeni kila kitu UTC, na msawazishe kompyuta kupitia intaneti kabla ya kuanza. Kumbukeni pia siku ya Juliasi, hesabu ya siku ya wanaastronomia, huanza saa sita adhuhuri ya UTC, yaani saa tisa alasiri kwetu. Mwisho, geuzeni wakati uwe wa kitovu cha masi cha mfumo wa Jua, kwa sababu Dunia ikiwa upande huu au ule wa Jua mwanga huwahi au huchelewa kwa hadi dakika 8 hivi. Mkishapata wakati wa katikati ya mpito pamoja na kosa lake, pelekeni ExoClock, mradi unaotunza ratiba za mipito kwa ajili ya setilaiti ya Ariel ya Ulaya. Unapokea kazi za wanafunzi.

SWALI: Chuo chetu hakina darubini wala fedha ya kununua. Je, tunaweza kufanya utafiti wa kweli, au ni kusoma tu wengine walichofanya? (Bujumbura)

JIBU: Mnaweza, na wengi kwenye idara tajiri nao hawajaigusa darubini. Data za setilaiti ya TESS, inayotafuta sayari za mbali tangu 2018, ni bure kwenye hifadhi ya MAST, na programu ya Lightkurve ya Python inazisoma. Faili la mng'ao wa nyota moja kwa siku 27 ni megabaiti chache, bando la simu linalimudu. Za darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini nazo zina hifadhi, ila hizo ni nzito. Msianze nazo. Anayependa redio aulizie mafunzo ya DARA, mradi wa Uingereza uliofundisha vijana wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo.

Mtego wa TESS ni ukubwa wa pikseli zake. Moja ina sekunde-tao 21 kila upande (sekunde-tao ni nyuzi moja gawa kwa 3,600), na ndani yake mnaweza kukaa nyota kadhaa. Tuseme jirani hafifu mara 40 kuliko nyota yenu ni jozi ya nyota zinazofichana, na mwanga wake hupungua nusu. Mchanganyiko utashuka kwa asilimia 1.2, sawasawa na Mshtarii. Kabla hamjamwita mtu yeyote, fungueni orodha ya nyota ya setilaiti ya Gaia muone majirani wote ndani ya dakika-tao moja. Pimeni kitovu cha mwanga wakati wa mpito: kikihama kuelekea kwa jirani, mwenye tukio ni yeye. Halafu tenganisheni mipito ya namba shufwa na ya namba witiri. Vina vyake vikitofautiana, mna nyota mbili zinazopokezana kufichana, na muda halisi wa mzunguko ni mara mbili ya mlioandika.